Ukuta wa Kitenge

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa yanga na kambare. Waliosoma watakutajia tarehe, mimi nakutajia sufuria. Yanga ulikuwa unga wa mahindi ya njano, unga wa msaada, ulikuja kwa magunia kutoka nchi za watu, wakaupa jina hilo kwa rangi yake, na ukiusonga jiko lote lilinuka kama stoo iliyofungwa masika nzima. Kambare walikuja wenyewe. Mvua ilinyesha Usangu mpaka vitalu vya mpunga vikaoza, maji yakaingia uani, samaki wakaja nayo. Ulikuwa unaweza kwenda chooni asubuhi ukarudi na kitoweo. Hebu fikiria, nchi ya mpunga, watu wanaolisha Mbeya nzima, wamekaa chini wanamega ugali wa njano na kutema miiba ya kambare, wananung'unika. Mimi sikunung'unika. Nilikuwa msichana, meno yote kinywani, nakula chochote kilichoiva.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi tumemzika Tusekile, kule Chimala. Nilikaa jikoni kwenye msiba na kina mama, tunachambua mchele, binti mmoja akaniuliza, "Bibi, wewe ni nani wa marehemu? Shangazi?" Nikamwambia siyo ndugu. "Jirani?" Siyo jirani. "Sasa wewe ni nani, bibi?" Nikasema, "Mimi ndiye niliyemshikia ukuta kwenye ndege." Wakatazamana, wakadhani uzee umepanda kichwani. Mjukuu wangu Neema alikuwepo. Neema ni nesi, ndiye anayepanda zile ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya majani kuchanja watoto, na hili nalisema kwa kujivuna. Asiyependa aende akajivunie wa kwake. Neema akasema, "Bibi, waeleze, hawajui." Nikaanza kueleza. Wali ukaiva, watu wakala, wakanawa, nilikuwa sijafika hata kwenye ndege kuruka. Basi nayaweka hapa yote, mtu asome akiwa ameshiba.

Nilikuwa kwenye zahanati moja ndani kabisa ya Usangu, mbali na Chimala, mahali ambapo barabara ilikufa kila masika na kufufuka kiangazi. Nesi wetu aliitwa Halima, wa Iringa mjini, babu yake alitoka pwani na vitambaa begani akafungua duka. Alinichukua kwetu Kalenga nimpikie. Nilipofika nikakuta kupika ni kazi ndogo kuliko zote. Nilifyeka majani ya kiwanja cha ndege. Nilifukuza ng'ombe wa Wasukuma, waliokuwa wamehamia kutoka kaskazini na mifugo yao, na ng'ombe wale walikuwa hawapendi majani mengine duniani ila yale ya kiwanja. Nikisikia mlio juu ya mawingu, naacha sufuria motoni, nakamata fimbo, nakimbia. Ndege ikizunguka mara ya pili maana yake mimi, Leonsia, nimechelewa, na Dada Halima atanisema mpaka jioni: "Watu wanakufa, wewe unabembelezana na ndama!" Na juu ya hayo yote, nilipima watu.

Kupima watu ndiko kulikonifanya nijulikane. Rubani alikuwa mzungu mwenye ndevu nyekundu, Kiswahili chake kifupi kama mkia wa mbuzi, na salamu yake ilikuwa moja tu: "Kilo ngapi?" Tukamwita Bwana Kilo. Kiwanja chetu kilikuwa kifupi, majani yamelowa, na mwisho wake kuna mfereji na miti ya migunga. Ndege ikizidiwa uzito haipandi, inakwenda kulala kwenye migunga. Kwa hiyo kila kinachoingia kilipandishwa kwanza kwenye mizani ya mpunga, mgonjwa, msindikizaji, mpaka viatu. Lakini watu wetu hawawezi kwenda Mbeya kwa ndugu mikono mitupu. Hata mtu anakata roho, wataambiwa nini huko aendako? Wakaficha. Mchele kwenye soksi, karanga kwenye kilemba, kuku hai chini ya blanketi la mgonjwa, kafungwa mdomo. Wanawake niliwapapasa mimi, kwa sababu Bwana Kilo hakuthubutu. Nakumbuka mama mmoja mtu mzima tumbo limetangulia, nikaligusa, likaniteleza kiganjani. Nikamwambia, "Mama, hii mimba yako ina punje." Akasema bila aibu, "Basi nipunguzie, usinitoe yote." Nikampunguzia. Bwana Kilo hajui mpaka leo, kama yuko hai.

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka vizuri, alikuja jikoni kwangu Mzee Mwakalobo. Huyu alikuwa Mnyakyusa aliyeshuka kutoka Rungwe kulima mpunga, mtu mrefu, sikio moja limekatika ncha, koti lake la mvua halivui hata jua likiwaka. Alikaa kwenye kinu nilichokipindua, akingoja ukoko wa yanga. Wengine walisema ukoko ule ni wa kuku. Yeye aliutafuna kama nyama choma. "Leonsia," anasema, "kanipime." Nampima pale nje. "Nimeongezeka?" Nasema, "Umeongezeka, baba." "Basi ni ukoko wako, usimwambie mke wangu." Na hapo maneno yanaanza. Alikuwa na maneno yule mzee! Alinieleza fahali aliyekataa kuuzwa akarudi peke yake toka mnadani, alinieleza baridi ya Rungwe inayofanya ndizi zijikunyate, akanicheka namna sisi Wahehe tunavyosalimiana "kamwene" kwa sauti kama tunaulizana habari za mwizi. Mimi nasonga ugali, yeye anasonga maneno. Nilikuwa sijawahi kuwa na mtu mzima wa kukaa namna ile, akaniuliza ninaonaje jambo, na akangoja nimjibu.

Na haikuwa siri kwamba alinitaka. Si yeye, msinielewe vibaya. Alinitakia mwanawe wa pili, Ambokile. Alisema wazi mbele ya Dada Halima: mpunga mpya ukivunwa, nitoe jibu, ng'ombe wapelekwe Kalenga. Ambokile hakuwa na kasoro, na nisimsingizie leo. Alikuwa na mabega, alikuwa na kazi, akipita na plau yake nilikuwa natafuta sababu ya kutoka kumwaga maji. Dada Halima alisema, "Nyumba ile haina njaa wala kelele. Ukikataa, wewe una wazimu." Moyo wangu ulikuwa umeshavuka nusu ya mto. Mwaka ule mzima, katikati ya kambare na ng'ombe na kilo, nilikuwa nabeba swali hilo moja: niingie nyumba ya Mwakalobo, au nisiingie?

Siku moja nilitoka mferejini na Tusekile. Huyu ndiye tuliyemzika. Alikuwa mke wa mwana mkubwa wa mzee, mdogo wa umbo, mcheshi, mjamzito tayari, kichwani ana ndoo. Ghafla nikamwona anatupa ndoo, anaruka njia, anaingia kwenye maji ya jaruba mpaka magotini, anainama, anajifunika kichwa na kitenge. Nikadhani ni nyoka. Nikatazama mbele: anakuja Mzee Mwakalobo, na yeye amegeuza shingo upande wa pili kama anakagua mawingu, anakohoa kwa nguvu ili asikike. Akapita. Hakuna aliyemsalimu mwenziwe. Tusekile akatoka na tope mapajani, anacheka. "Ndiye mkwe," akasema. "Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemeshani, hata jina lake silitaji." Nikamuuliza, mnaishi uwanja mmoja, tangu lini? "Tangu ng'ombe walipoingia kwa baba yangu." Nilimweleza Dada Halima jioni, na yeye akanitazama huku anapepeta unga. "Na wewe ukikubali ni hivyo hivyo. Siku ya ng'ombe, mzee haji tena jikoni." Nikacheka. Nikasema, kwani naolewa na mzee? Nilicheka, lakini ukoko wa siku ile niliuunguza.

Kisha mzee akavunjika mguu. Mkokoteni wa ng'ombe ulizama kwenye tope ukampindukia. Wakamleta zahanati, mfupa umetoka, na baada ya siku kadhaa kidonda kikaanza kunuka. Dada Halima akakaa kwenye redio anaita Mbeya, anaita, mvua inamjibu. Asubuhi mawingu yalipopasuka Bwana Kilo akaja. Nikafukuza ng'ombe, nikampima mzee na machela yake, nikamtoa jogoo chini ya blanketi, tukamlaza kwenye sakafu ya ndege upande wa kulia, maana viti vya nyuma vilishang'olewa. Bwana Kilo anafunga mlango. Ndipo tukasikia watu wanakuja wanakimbia majini wamebeba kitanda, na juu ya kitanda ni Tusekile. Uchungu ulimshika tangu jana yake, mtoto amekingama tumboni. Dada Halima akampapasa pale pale kwenye majani, akainua uso, akasema, "Huyu naye aende sasa hivi. Asipofika hospitali nazika wawili."

Tusekile akageuza kichwa akaona miguu ya mzee mlangoni. Amini usiamini, mwanamke aliyekuwa hawezi hata kukaa alishuka kitandani, akatambaa mpaka nyuma ya gurudumu, akajifunika. "Siwezi kulala alipolala yeye," akasema. "Niacheni hapa." Na mzee ndani alisikia watu wanalitaja jina la Tusekile, akajua. Akavuta blanketi usoni. "Nishusheni mimi," akasema. "Mguu wangu una haraka gani? Apande yeye." Bwana Kilo anauliza kuna nini, hakuna anayemjibu. Dada Halima akashika kiuno. "Huyu anakufa kwa heshima, yule anakufa kwa heshima! Baba Mwakalobo, ukibaki hapa huo mguu unakuua. Wewe Tusekile, heshima gani hii ya kuzikwa nayo?" Wala hawakuwa wakaidi. Hilo ndilo watu wa pale msibani hawakulielewa, wakacheka. Kila mmoja alikuwa anampa mwenziwe ndege. Na kule kwenye milima ya Mbeya mawingu yalikuwa yanafunga tena, na Bwana Kilo alishasema: safari ni moja tu.

Mimi nilikuwa nimesimama na fimbo ya ng'ombe. Nikasema, "Kwani nyumbani kwenu mnaishije? Si kuna ukuta?" Dada Halima akasema, "Ukuta wa wapi kwenye ndege, we mtoto?" Nikavua kitenge cha juu, nikabaki na cha chini. Tukatafuta pa kukifunga. Upande wa mbele kulikuwa na kidoano nyuma ya kiti cha rubani. Upande wa nyuma bati tupu, na Bwana Kilo akasema akiona mtu anatoboa ndege yake atamshusha. Kwa hiyo ncha ya pili lazima ishikwe na mtu. Dada Halima alitakiwa kwenda, lakini akitembea ardhi inajua. Bwana Kilo akaniangalia. "Kilo ngapi?" Nikapanda mizani mwenyewe, nikajipima, nikamtajia. Akatoa sanduku lake la vyuma, akatoa na dumu la maji, akafikiri, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikaingia nikakaa katikati, mgongo kwenye mkia wa ndege, nikainua mikono. Wakamlaza Tusekile upande wa kushoto. Ndivyo nilivyopanda ndege mara ya kwanza maishani, na watu wakiniuliza Usangu inaonekanaje kutoka juu, nawaambia inaonekana maua ya kitenge.

Nilifikiri tutaanguka. Ndege iliburuta tumbo kwenye majani, miti ya migunga ikaja, ikaja, kisha kitu kikaachia chini yetu na tumbo langu likabaki Usangu. Tusekile alikuwa anauma pindo la shuka asilie. Nilimwona jasho, niliona macho yanatoka, kimya. Ndipo mzee akaniita kutoka ng'ambo. "Leonsia." Nikasema naam, baba. "Mwambie huyo aliyeko huko asijizuie. Anayezaa hana adabu ya kulinda. Apige kelele." Nikamgeukia: Tusekile, mzee anasema piga kelele. Akanijibu kwa pumzi ya juu juu, "Mwambie mzee mimi sijamsikia, nimekusikia wewe." Kisha akapiga kelele, na Bwana Kilo akaruka kwenye kiti. Mzee alikuwa hajawahi kusikia sauti ya mkamwana wake. Aliisikia siku ile, juu ya mawingu. Kisha akasema, "Leonsia, mwambie. Tangu aje nyumbani kwangu nakula chakula chake, sijamwambia ni kitamu. Mwambie ni kitamu." Nikamwambia. Tusekile akalia kilio kingine, siyo cha uchungu. "Mwambie mzee," akasema, "kikizidi chumvi ujue nimekasirika." Mzee akacheka mpaka mguu ukamkumbusha, akapiga yowe. Huyu analia kushoto, yule analia kulia, na wote wawili wanacheka.

Kwenye ukingo wa milima ndege ikaanza kurushwa kama ungo unaopeta. Bwana Kilo akageuka, "Wewe! Acha nguo! Shika kiti!" Nikajifanya sijui Kiswahili. Mabega yalikuwa yanawaka moto. Nilikaza magoti kwenye ubao wa machela, kichwa kinagonga bati, na mikono juu. Na hapo nikaona jambo ambalo kucheka kwangu jikoni kulikuwa kumelifunika. Watu hawa wawili walikuwa wanapendana. Walikaa uwanja mmoja, wakala chungu kimoja, na neno moja jema lilikuwa halijapata njia mpaka lipite kwenye kinywa changu. Nikamtazama mzee. Yeye naye alikuwa ananitazama, amenitolea macho kabisa, kwa kuwa mimi si mtu wake, aliruhusiwa.

Mbeya tulitua salama. Kutoka kwenye ndege mpaka kwenye gari, kutoka kwenye gari mpaka milango miwili ya hospitali, nilitembea katikati yao na kitenge changu, na vijana wa machela wakanicheka wakisema huyu wa shamba amekuja na pazia lake. Waliingia kila mmoja mlango wake. Tusekile alipasuliwa, akapata mtoto wa kike, akampa jina langu. Ndiye aliyenipigia simu juzi kunieleza msiba. Mguu wa mzee haukukatwa, ila ulikauka ukawa haukunjiki tena. Mimi nilikwenda soko la Mwanjelwa kununua sabuni nikashindwa kuinyanyua. Mikono ilikuwa imekufa ganzi.

Msidhani nasimulia hili kuidharau mila ya watu. Tusekile aliniambia baadaye, tumezeeka wote, kwamba katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kumtukana, wala mzee kuingia alipokuwepo bila kukohoa. Nyumba ngapi za leo mkamwana anaweza kusema hivyo? Ukuta nao unakinga upepo. Ila kila mtu na baridi yake. Ambokile alioa mke mzuri kuliko mimi. Mimi niliolewa Iringa na dereva wa lori aliyekuwa anaongea hata usingizini, na nilimzika nikiwa nimemchoka na nimempenda. Mzee Mwakalobo alihudhuria harusi yangu, akala, akacheza na mguu wake mkavu, akaniongelesha mbele ya watu wote.

Lakini jibu nilimpa kabla ya hapo, siku ya mpunga mpya. Yanga ulikuwa umekwisha, maji yamerudi mtoni, na mimi nilikuwa nimepika wali wa kwanza wa mwaka. Mzee aliingia na fimbo, akakaa kwenye kinu, mguu ameunyoosha mpaka mlangoni. Nikampa sahani. Alikula kwanza, hakuwa mtu wa kuharibu chakula kwa maneno mazito. Dada Halima alijifanya anatafuta chumvi ili asikie. Kisha mzee akafuta mdomo. "Binti yangu," akasema, "mpunga umevunwa. Ambokile ananiuliza, na ng'ombe wananiuliza. Niwaambie nini?" Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi mazuri, ya kuzunguka. Yakanipotea yote. Nikasema, "Sitaki, baba. Nikiolewa kwako nitakuficha uso wangu, na mimi nataka tukae hivi tuongee."

Dada Halima akaangusha kifuniko. Mzee akautazama wali, akaitazama mikono yangu, akanitazama mimi. Nilidhani nimemwudhi, nikaanza kutafuta pa kuweka macho. "Umenijibu mwenyewe," akasema. Nikasema ndiyo, baba. "Hukutuma mtu." Sikutuma. "Katika nyumba yangu," akasema taratibu, na sauti yake ilikuwa inacheka na kutetemeka pamoja, "binti wote niliowapata, neno lao linanifikia limeshapita kwa watu. Hili limetoka kinywani kwako likaingia moja kwa moja sikioni kwangu. Hebu rudia, mwanangu. Rudia nilisikie."

Nikaweka mwiko chini. Nikamtazama usoni, kwenye sikio lile lililokatika ncha, kwenye macho, nikarudia.

"Sitaki, baba. Nikiolewa kwako nitakuficha uso wangu, na mimi nataka tukae hivi tuongee."